Ganuni ya Baba Mkubwa

Muuzaji wa kompyuta Kariakoo ana swali moja tu: ya ofisi au ya gemu? Ukimjibu kwamba ni ya kumiksi taarabu, anafikiri kidogo, kisha anakusogezea ya gemu. "Dada yangu, hii kadi yake ya picha ni moto. Hutajuta." Plagini zangu hata haziigusi kadi ya picha.

Nilikuwa na shilingi 1,800,000, kodi ya miezi 6 ambayo mwenye nyumba alikubali kuisubiri kidogo. Haraka yangu ilitoka Unguja. Baba mkubwa alitupigia ganuni katika nyimbo 7, pamoja na fidla, udi, akodiani na dumbaki. Miezi miwili baadaye kiharusi kikamchukua mkono wa kushoto. Hakuna kurekodi upya.

Laptopu yangu ya zamani ilizishindwa nyimbo hizo. Sauti ilitatarika kama mchanga mdomoni, nami nikawa naondoa plagini moja moja, nikichagua ala ipi inyimwe haki yake ili nyingine isikike.

Wengi huhesabu viini vya prosesa. Ni kweli vinasaidia: fidla inashughulikiwa na kiini hiki, udi na kile. Ila plagini za ala moja husimama foleni. Kompresa haianzi mpaka ikwalaiza imalize, mwangwi nao unaisubiri kompresa. Mwishoni ala zote hupitia chaneli kuu, na huko kuna foleni nyingine. Kwa bafa ya sampuli 1,024, katika sauti ya sampuli 44,100 kwa sekunde, kompyuta ina takriban milisekunde 23 za kumaliza yote hayo. Ikichelewa, unasikia mkwaruzo. Kwa hiyo nilichotafuta ni kasi ya kiini kimoja kimoja, jambo ambalo muuzaji hakuliandika popote kwenye boksi. RAM ya gigabaiti 16 ilinitosha. Wanaohitaji nyingi ni wale wanaopiga piano na fidla za kwenye kompyuta. Mimi fidla zangu zina watu.

Kaka yangu alishikilia laptopu, kwa sababu ya umeme. Alikuwa na hoja. Lakini prosesa ikichemka hujipunguzia kasi yenyewe, na chumba changu mwezi wa Februari ni tanuri. Nikachukua kompyuta ya mezani ya mtumba, kubwa, mbaya wa sura, yenye feni ya maana. Chenji ikanunua UPS inayonipa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima.

Ningeweza pia kuzigandisha ala, yaani programu iirekodi sauti ikiwa na plagini zake, prosesa ipumzike. Fidla nimezigandisha. Ganuni siigandishi: nyuzi zake zinalia muda mrefu, na kila ninapogusa ala nyingine lazima niirudie.

Wimbo wa tatu nilimtumia baba mkubwa kwa WhatsApp. Akajibu kwa sauti, maneno yakimtoka polepole: "Mwanangu, fidla zimenizidi. Zishushe."

Nimezishusha desibeli moja na nusu. Mwenye nyumba nimempa ya miezi miwili.