Chaki na Joho

Neno wakili limetoka Uarabuni pamoja na mzigo wake: ni mtu aliyekabidhiwa jambo la mwenziwe. Basi anayetaka uwakili hajifunzi vifungu tu, anaomba kuaminiwa. Na ombi hilo huwa zito zaidi likitoka kwa mtu wa makamo, mwenye kazi, mshahara na watoto wanaomtegemea.

Mtazame mwalimu wa shule ya msingi katika ukanda wa dhahabu, Kahama au Geita. Asubuhi ameshika chaki. Jioni majirani humletea barua. Huyu ameambiwa shamba lake la mihogo limo ndani ya leseni ya mgodi. Yule amegawana viroba vya mawe na mwenye duara, akapunjwa hata kabla mawe hayajafika kwenye karasha. Mwalimu huwasomea, huwaandikia majibu, huwasindikiza hadi ofisi ya kijiji. Lakini shauri likipanda Mahakama Kuu, yeye hana ruhusa ya kuwasemea. Hapo ndipo wazo huzaliwa.

Wazo hilo lina historia yake huko. Mwezi wa Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu, wilayani Kahama, mkoa wa Shinyanga. Yakazuka madai kwamba wako waliofukiwa mashimoni wakiwa hai. Serikali na kampuni zikayakanusha. Mawakili wa LEAT, miongoni mwao Tundu Lissu na Rugemeleza Nshala, waliyabeba madai hayo kwa miaka, yakafika mwaka 2002 kwenye ofisi ya malalamiko ya Benki ya Dunia, ambayo haikuyakubali. Waliolalamika hawakupata walichokitaka. Hata hivyo ilionekana kuwa sauti ya mchimbaji, ikipata wa kuibeba, huweza kuvuka bahari.

Njia ya kuwa mbebaji huyo ni ndefu. Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kilimwezesha mfanyakazi kusoma shahada ya sheria bila kuacha kibarua chake. Lakini shahada peke yake haitoshi. Sheria ya mwaka 2007 ilianzisha Shule ya Sheria, Dar es Salaam, na huko mwalimu hawezi kwenda na chaki yake. Matokeo ya Oktoba 2022 yaliwatisha wengi: kati ya watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Serikali ikaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini aliyekwisha pita miaka arobaini huinama kwa maumivu, na anaowaacha nyumbani huinama naye.

Wapenzi wa ushairi wasidhani safari hii ni ngeni kwao. Mathias Mnyampala, bingwa wa ngonjera, alipitia ualimu na ukarani kabla ya kuwa hakimu. Sheikh Amri Abedi, aliyewapa washairi kitabu cha sheria za kutunga mwaka 1954, alikuja kuwa Waziri wa Sheria mwaka 1963. Aliyezoea kupima mizani anajua kwamba neno moja likikaa pasipo pake huharibu ubeti mzima. Katika mkataba wa fidia, neno moja huweza kumpokonya mtu shamba.

Na ugumu wenyewe umo katika lugha. Sheria ya mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, ila masomo ya sheria chuoni yamebaki kwa sehemu kubwa katika Kiingereza. Mwalimu wetu hujifunza kwa lugha moja ili awatetee watu wanaolia kwa lugha nyingine, na aghalabu kilio chenyewe kimeanza kwa Kisukuma. Kabla hajawa wakili, amekwisha kuwa mfasiri.

Si lazima kila mwalimu avae joho. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na wengi hufanya kazi hiyo kijijini bila kuliacha darasa. Anayeamua kwenda mbali zaidi ajiulize kwanza jambo moja. Siku atakaporudi na joho lake, mgodi utaweza kumlipa ujira ambao mwenye shamba la mihogo hatakuwa nao kamwe. Atakuwa wakili wa nani? Swali hilo halimo katika mitihani ya Shule ya Sheria, na majirani waliomletea barua ndio watakaolisahihisha.