Kampala: vitu ambavyo Rutshuru havikuwa na bei

Wakaaji wa Rutshuru wanajua kwamba sabuni, sukari, mafuta ya kula na bati za nyumba, vingi vinatoka Uganda kupitia Bunagana. Kwa hiyo mtu anapokimbilia upande ule anajiambia: kama vitu vinatoka kule, basi kule ni bei rahisi. Si hesabu ya kijinga. Kipande cha sabuni kweli kinaweza kuwa nafuu Kisoro kuliko Goma. Lakini pesa ya mkimbizi haiishii kwenye sabuni. Inaishia kwenye vitu ambavyo kijijini kwake havikuuzwa kamwe.

Mama mmoja wa upande wa Jomba amefanya hesabu hiyo kwa miaka mitatu. Jina lake halitajwi hapa, kwa sababu mume wake amebaki upande huu. Alivuka mwezi wa sita mwaka 2022, wakati M23 ilipoingia Bunagana, akiwa na watoto wake wanne na mtoto mmoja wa marehemu dada yake. Mgongoni kitoto, kichwani sufuria, na kwenye fundo la kitenge dolari 85, zote noti ndogo ndogo.

Zile noti ndogo zilikuwa somo la kwanza. Kwetu dolari ni dolari, iwe ya 5 au ya 50, mradi isiwe imepasuka. Kisoro alikuta noti ya 100 ina bei yake, na ya 5 ina bei yake ya chini. Noti ya miaka ya zamani ndiyo mbaya zaidi: wengine wanaishusha, wengine wanairudisha bila kuitazama mara mbili. Kabla ya kununua hata mkate, pesa ilikuwa imepungua kwa kubadilishwa tu.

Kisha ikaja shida ya shilingi yenyewe. Wakati ule dolari moja ilikuwa karibu franga 2,000 kwetu, na kule karibu shilingi 3,700. Zote zinahesabiwa kwa maelfu, na hapo ndipo kichwa kinapotea. Siku ya kwanza alipofua nguo za watu na kupewa shilingi 10,000, aliona ni dolari 5 na akamshukuru Mungu. Hazikufika dolari 3. Alikuja kujua jioni, mbele ya muuza makala.

Toka kituo cha Nyakabande, pale Kisoro, alipelekwa Nakivale, kambi ya zamani iliyo wilaya ya Isingiro. Huko hakuna kodi ya nyumba. Alipewa kiwanja, miti na shitingi, na pesa kidogo ya chakula. Watu wa nyumbani wakisikia hivyo wanadhani mambo yamekwisha. Lakini mahindi lazima yasagwe, na mashine haisagi bure. Simu lazima ichajiwe, na yule mwenye sola anataka chake. Kituo cha afya hakilipishi, ila mtoto akishikwa na malaria usiku ni moto itakayomfikisha, na mwenye moto anajua kwamba ni usiku. Kuni za karibu zilikwisha zamani, na kuzifuata mbali ni kugombana na wenyeji. Pesa ya chakula nayo ilikuwa inapunguzwa kwa sababu wafadhili walipungua. Ndipo akaamua kwenda Kampala, ambako shemeji yake alikuwa ametangulia.

Sheria ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kutembea na kufanya kazi, na hilo ni jambo kubwa ambalo nchi nyingi hazitoi. Ila anayechagua Kampala anatarajiwa kujitegemea. Ile pesa ya chakula ya kambini haimfuati mjini.

Chumba alichopata kiko upande wa Katwe, katika mstari wa vyumba ambavyo Waganda wanaviita mizigo: mlango mmoja, dirisha moja, choo cha watu wote nyuma. Shilingi 150,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba alitaka miezi mitatu mbele. Mama hakushtuka sana, kwa sababu Goma pia wanadai garanti. Alilipa 450,000, pesa ya shemeji na ya deni, akajua kwamba ipo, imewekwa. Mwezi wa nne alipoulizwa kodi akasema: si kuna garanti? Akachekwa. Kwetu garanti inakaa kwa mwenye nyumba, na siku ya kuhama mnaongea: anakurudishia au unailala. Ile ya Kampala ilikuwa kodi yenyewe, imekwisha kulalwa. Neno moja tu ambalo hakulielewa lilimuingiza kwenye deni la mwezi mzima.

Mwenye nyumba alimuuliza pia watoto ni wangapi. Aliona ni adabu, kama vile mtu anavyouliza habari za nyumbani. Kumbe ni bei. Maji ya kipoo cha pamoja, takataka na kutapisha choo, vyote wapangaji wanagawana, na katika ua ule wanagawana kwa vichwa. Mpangaji mwenye mke na mtoto mmoja analipa vichwa vitatu. Yeye alilipa sita. Milango miwili aliyogonga mwanzoni ilikuwa imefungwa kwa jibu lilelile: nafasi imechukuliwa. Baadaye jirani alimueleza kwamba ilichukuliwa alipotaja watoto watano.

Maji ndiyo yanamuumiza mpaka leo, labda kwa sababu Jomba ni nchi ya mvua. Kule mtoto anatumwa kisimani na anarudi, habari imekwisha. (Mtu wa Goma atamcheka hapa, maana Goma tunanunua bidoni na ziwa liko mbele ya macho.) Kipoo kikikauka pale uani, bidoni ya litre 20 inauzwa shilingi 200 kwa jirani. Bidoni tano kwa siku ni 1,000, na mwezi ukiwa mbaya ni 30,000. Ni moja ya tano ya kodi ya chumba, na imemwagika kwenye nguo na masufuria. Alipunguza kwa kufua mara moja kwa juma, mpaka mwalimu alipomrudisha mtoto kwa ajili ya shati chafu.

Mboga ni aibu nyingine. Mwanamke wa Rutshuru hanunui lenga-lenga. Zinaota zenyewe nyuma ya jikoni, na ukizinunua watu watauliza shamba lako limepatwa na nini. Kampala lenga-lenga zinaitwa dodo, zinafungwa kifungu kwa kifungu, na kila kifungu kina bei. Sombe iko kwa Wakongomani wenzake, imetwangwa tayari, na unga wa muhogo vilevile, lakini vyote vinamshinda bei ya posho, ule unga wa mahindi. Kwa hiyo watoto wanakula posho na maharagwe, na fufu imekuwa chakula cha siku ya mungu. Sokoni anaongea Kiswahili, na Kampala Kiswahili kinamtangaza mtu kuwa mgeni. Kuna wazee ambao bado kinawakumbusha askari. Bei inapanda kidogo palepale. Sasa anamtuma binti yake wa miaka 11, ambaye Kiganda kimemuingia kama maji.

Kuhusu umeme hakuna mengi. Unalipa mbele kwa simu, Kampala wanauita Yaka, ukikwisha unakaa gizani. Amezoea.

Shule ndiyo iliyomshinda kabisa, na hapa ndipo wazazi wanaofikiria kuvuka wangepaswa kukaa na kalamu. Kongo, tangu mwezi wa tisa 2019, serikali ilisema shule ya msingi ya umma ni bure. Walimu wanajua namna bure ile inavyochechemea, lakini muzazi amezoea kutolipa minervali kwa mtoto wa msingi. Uganda nayo ilitangaza elimu ya msingi ya bure tangu 1997. Mama alisikia nchi mbili zinasema neno moja, akaamini ni kitu kimoja.

Shule ya umma iliyo karibu ilikuwa imejaa. Aliwapeleka katika shule ndogo ya binafsi, na muhula una bei, na mihula ni mitatu kwa mwaka. Juu ya ada kuna karatasi moja ya vitu vya kuleta: mifagio, karatasi za choo, bunda zima la karatasi nyeupe, kilo za sukari. Aliposoma mifagio alifikiri wamekosea mtoto. Anaye anayefagia nyumbani, kwa nini shule inunuliwe fagio na kila mtoto? Lakini bila fagio mtoto hapokelewi siku ya kwanza, na siku mbili za kwanza zikipita anahesabiwa amechelewa.

Bado gharama kubwa zaidi haikuandikwa kwenye karatasi ile. Kijana wake wa kwanza alikuwa amemaliza mwaka wa tano, kwa Kifaransa. Hakuwa na buletini, maana walikimbia na sufuria, si na makaratasi. Akapewa jaribio la Kiingereza, na akawekwa darasa la tatu. Miaka mitatu imerudi nyuma. Kila mwaka una mihula mitatu, na kila muhula ada, fagio, sukari. Kijana wa miaka 13 alikaa na watoto wa miaka 8, magoti yakigonga meza. Mwaka wa pili alisema hataki tena. Sasa anaosha moto za watu barabarani, na pesa anayoleta ndiyo inalipia wadogo zake. Mama hapendi kuzungumzia hilo. Anasema tu kwamba ile hesabu haijui kuiandika.

Yeye anauza bitenge na heleni, akitembea nyumba kwa nyumba na ofisi kwa ofisi, kama mamia ya wanawake wa Kivu walio Kampala. Faida ipo. Ila kuuza kwa kutembea bila ruhusa ya mji hakukubaliki, na siku maaskari wa mji wakikukamata, mzigo unakwenda. Amepoteza mzigo mara mbili. Tena basi dogo, lile wanaliita taksi, halina bei moja: asubuhi ni hivi, jioni ni vile, mvua ikinyesha ni vingine. Siku ya mvua ameshawahi kutembea toka katikati ya mji mpaka nyumbani na bitenge kichwani ndani ya mfuko wa plastiki, kwa sababu nauli ingekula faida yote.

Na pesa yenyewe ina gharama yake. Anayemtumia msaada anautuma kwa simu, na kuutoa kunakatwa mara mbili: chake mwenye kampuni, na kodi ya serikali ya nusu ya mia, iliyobaki tangu mwaka 2018. Kwenye shilingi 100,000 hiyo kodi ni 500, si nyingi. Lakini mtu anayetoa kidogo kidogo, kwa kuogopa kuibiwa au kuombwa, anakatwa kila mara. Intaneti nayo tangu mwezi wa saba 2021 imewekewa kodi ya 12 kwa mia. Sauti za WhatsApp anazotuma Jomba, za dakika nne nne, kila moja imelipiwa kodi.

Huku nyumbani hakuna anayeona hayo. Mama yake mzazi anasema: mwanangu yuko Uganda, atakosaje dolari 20? Tangu benki za Goma zilipofunga milango mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, pesa inapita kwa simu, noti ni chache, na anayekutolea anakata zaidi ya zamani. Zile 20 zinapofika mkononi kwa bibi si 20 tena. Kampala inasemekana zilitumwa 20, huku zinasemekana zilifika pungufu, na mara mbili dada na kaka hawakusalimiana kwa sababu hiyo. Kila mmoja alikuwa anasema kweli.

Sasa mdogo wake anataka kuvuka. Alikuwa katika kambi mojawapo ya pembeni ya Goma mpaka zilipobomolewa mwezi wa pili 2025. Akarudi kijijini, akakuta nyumba haina bati, akarudi tena Goma kukaa kwa watu. Ana watoto wanne. Swali lake kwenye simu ni moja: yaya, chumba ni pesa ngapi? Dada yake hamjibu bei ya chumba. Anamuuliza buletini za watoto ziko wapi.

Walikubaliana kwamba mdogo asubiri mwisho wa mwaka wa shule, mwezi wa saba, watoto wapokee buletini zao na mkurugenzi azigonge muhuri. Uganda mwaka wa shule unaanza mwezi wa pili. Kati ya hapo ni miezi saba ya watoto kukaa ndani, wakila na kunywa maji ya kununua. Yaya amesema ataona namna. Chumba amekwisha kukiona, mstari uleule, mlango wa tatu, na mwenye nyumba ameuliza watoto ni wangapi. Amemwambia wawili.