Eti Luther Si Mweusi wa Kutosha?

Wacha niseme hii mapema ndiyo wenye watakasirika wakasirike tukiwa bado na nguvu: tamthilia bora ya upelelezi kutoka Uingereza si Sherlock. Ni Luther. Sherlock ya Benedict Cumberbatch ni tamu, sibishi, lakini ile inakuonyesha vile mtu ana akili. Luther inakuonyesha vile hiyo akili inaweza kummaliza mwenyewe.

Kama hujawahi kuicheki, picha ni hii. John Luther ni mpelelezi wa mauaji, polisi wa London. Mabega kama mlango wa bohari, koti la sufu la kijivu, tai imelegezwa, mikono mfukoni, anatembea kama mtu amekatiwa stima na sasa anaenda kumtafuta aliyekata. Gari lake ni Volvo kuukuu. Ndoa imevunjika, hasira hazishikiki, na kila mtu anayempenda huishia pabaya. BBC One walianza kuionyesha Mei 2010, na msimu wa tano ulipokwisha Januari 2019, jumla zilikuwa sehemu 20 tu. Ishirini! Kuna tamthilia za mapenzi hapa kwa TV zetu zinafika sehemu ya 20 na hakuna hata mtu ameshikwa mkono.

Mimi niliwekewa yote kwa flashi na kijana wa duka la muvi pale karibu na steji, Umoja. Nilikuwa nimetoka chuo mwaka wa pili, karo ilikuwa imegoma kupatikana, na nilikuwa na wakati mwingi kuliko pesa. Nikamwambia anipe kitu cha polisi. Akaniambia, "Hii ni ya polepole, lakini utarudi." Nilirudi baada ya siku mbili kutafuta msimu wa pili.

Kile kilinishika ni kwamba hawakufichi muuaji. Sehemu ya kwanza kabisa, unamjua. Ni Alice Morgan, mwanasayansi mwenye nywele nyekundu na uso wa malaika, amewamaliza wazazi wake. Neil Cross, aliyeandika hii kitu, alichukua mtindo huo kutoka kwa Columbo, ule mchezo wa zamani wa Marekani: si "nani alifanya?" bali "atashikwa vipi?" Luther anaketi naye kwa chumba cha mahojiano, halafu anapiga miayo. Hiyo tu. Miayo huambukiza, si ndiyo? Hata wewe unayesoma hapa pengine umeanza kuisikia. Alice hapigi. Luther anajua papo hapo kwamba ndani ya huyu binti hakuna mtu wa kumhurumia mwingine. Hakuna damu kwa sakafu, hakuna mtu amekimbizana na mtu. Ni miayo.

Ruth Wilson ndiye Alice, na sijui kama kuna mtu amewahi kutisha vile akiwa anatabasamu. Kando kidogo: huyu dada 2018 alicheza kwenye Mrs Wilson, hadithi ya kweli ya nyanyake mzaa baba, na yeye mwenyewe akaigiza huyo nyanya. Babu alikuwa jasusi na mwandishi wa riwaya, na baada ya kufa familia ikaja kugundua alikuwa ameoa wanawake wanne. Wanne, na kila nyumba haijui nyingine. Halafu tunasema drama ni ya Nairobi.

Sasa tuje kwa kile kilinifanya niandike.

Mwaka 2021, mkubwa mmoja wa BBC aliyesimamia mambo ya usawa na uwakilishi alisema kwenye mkutano wa watu wa televisheni kwamba Luther si halisi. Hoja yake ilikuwa kwamba mwanzoni kila mtu alifurahi kumwona mtu mweusi ameshika usukani wa tamthilia kubwa, lakini ukifika msimu wa pili unaanza kuuliza: mbona hana marafiki weusi? Mbona hali chakula cha Karibiani?

Niliposoma hiyo ya chakula nilicheka, halafu nikaacha kucheka.

Nilicheka ju Idris Elba mwenyewe si wa Karibiani. Alizaliwa Hackney, London, 1972, babake wa Sierra Leone, mamake wa Ghana. Jina lake kamili ni Idrissa Akuna Elba. Kama ni lazima mtu apikiwe ndiyo awe mweusi, basi angalau wangeuliza sahani ya wali wa jollof imeenda wapi. Lakini hapana, mweusi wa London ni mmoja kichwani mwao na huyo mmoja anakula kuku wa Jamaika.

Niliacha kucheka ju hiyo mtihani mimi naijua. Nimeufanya maisha yangu yote.

Baba yangu ni Mkisii, mama ni Mkamba, na mimi ni wa Umoja. Nyumbani tuliongea Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha wazazi wangu walitongozana nayo, wacha niseme ukweli. Nikienda Kisii, shosho ananiuliza kitu kwa Ekegusii, ninaelewa, ninajibu kwa Kiswahili, na shangazi zangu wanaangaliana. Nikienda Machakos ni vile vile, tofauti ni kwamba huko wananicheka mbele yangu. "Wewe ni Mkamba gani?" Maswali yanafuatana: unajua kupika muthokoi? Chinsaga unakula? Kama hukuli, sasa wewe ni nini?

Ushagoni hii ni utani, nimeizoea, na shosho ananipenda hivyo hivyo. Ikifika kwa kazi ndipo inauma. Mwaka jana kampuni moja ya matangazo ilinitafuta nifanye video tatu za unga. Shilingi elfu thelathini na tano, pesa ya kulipa nyumba miezi kadhaa. Nikaandika skiti yangu kuhusu msichana anapika ugali wa kwanza kwa nyumba yake ya kwanza, sufuria moja, jirani anagonga ukuta. Ikarudishwa. Walitaka niongeze lafudhi ya Kikamba, ile ya kuchekesha, na nivae leso, "ndiyo ionekane halisi." Nikawaandikia kwamba sijawahi kuongea hivyo siku moja maishani, na hiyo ya sufuria moja ndiyo halisi. Nikawapa toleo la pili. Kimya. Baada ya wiki mbili niliona tangazo limefanywa na mtu mwingine, lafudhi ndani, leso ndani. Nikamwambia mwenye nyumba anivumilie hadi tarehe kumi na tano. Alinivumilia, ingawa aliniambia mambo.

Kwa hivyo mtu akiniambia Luther si mweusi halisi ju ya kile kiko kwa sahani yake, mimi nasikia ule ujumbe wa unga.

Lakini wacha nisiwe mtu wa upande mmoja, ju huyo mkubwa wa BBC alikuwa amegusa kitu, hata kama alikigusa na kijiko. Cross amewahi kueleza kwamba alipoandika Luther hakuwa na rangi yake kichwani, na kwamba yeye kama mzungu hakuona ana haki ya kujifanya anajua maisha ya mwanaume mweusi wa Uingereza. Elba naye alipenda hivyo, kwamba kwa mara moja anaitwa kucheza mtu, si "mtu mweusi." Heshima kwao. Shida ni kwamba Luther hafanyi kazi benki. Ni polisi wa London. Hiyo ndiyo polisi ambayo mwaka 1999, baada ya uchunguzi wa jinsi walivyoshughulikia mauaji ya Stephen Lawrence, kijana mweusi wa miaka 18 aliyechomwa kisu na wazungu akingoja basi mwaka 1993, ripoti rasmi ilisema ina ubaguzi ndani ya mfumo wake. Sasa mpelelezi mweusi anafanya kazi humo, na kwa misimu mitano hilo jambo halimgusi? Hata mzaha mmoja mbaya ofisini? Hapo ndipo mimi nilikuwa nataka uhalisia, si kwa mgahawa.

Na nikiwa hapo kwa polisi: kuna kitu kingine sisi wa Nairobi tunakionaga tofauti. Luther anavunja sheria kila wiki. Tamthilia inaanza akimwacha muuaji wa watoto aanguke kutoka juu, wakati angeweza kumvuta. London wanaona ni mtu mwenye moyo mzito. Mimi nimekulia mahali ambapo polisi anayeamua mwenyewe nani aishi ana jina na namba ya simu, na vijana wanamjua kwa viatu. Siwezi kumwangalia Luther na macho ya Mwingereza hapo. Nampenda, lakini kuna matukio ninaangalia nikiwa nimekunja miguu. Angalau wale wa kwake, wengi hawabebi bunduki.

Turudi kwa Elba. Watu humuona na hiyo sauti na suti wanadhani alizaliwa akiwa staa. Aliacha shule akiwa kijana, akapata ufadhili wa pauni 1,500 kutoka kwa wakfu wa Prince Charles wa wakati huo ili ajiunge na kikundi cha vijana cha tamthilia za muziki, akafanya zamu za usiku kwa kiwanda cha Ford kule Dagenham, akapiga DJ. Uingereza haikuwa na nafasi za kumtosha, akahamia Marekani. Huko akapata Stringer Bell kwenye The Wire, muuza dawa wa Baltimore, na aliibeba hadi Wamarekani wengi hawakujua ni Mwingereza. Fikiria hiyo: ili nchi yake impe tamthilia ya kuongoza, ilibidi kwanza aende kujifanya mtu wa nchi nyingine. Luther ikampa tuzo ya Golden Globe mwaka 2012. Na alipoambia jarida moja mwaka 2023 kwamba ameacha kujiita "mwigizaji mweusi" kwa sababu inamweka kwa kaboksi, watu walimrukia vibaya. Msee hawezi kushinda. Akila jollof ni mchekeshaji, asipokula si halisi, akisema hataki kuulizwa amejikana.

Msimu wa tano unanipa kitu cha kufikiria. Wanamleta Catherine Halliday, mpelelezi mdogo, mwanamke mweusi, anachezwa na Wunmi Mosaku aliyezaliwa Zaria, Nigeria, akakulia Manchester. Yeye na Luther kwa gari moja, wanafanya kazi. Hakuna mtu anamueleza mwingine ni kina nani. Hawapeani mkono kwa ile namna. Halliday anauliza maswali mazuri, anaona vitu Luther amepita, na yeye ndiye wa kwanza kukataa kucheka na mahali hapachekeshi. Ukiniuliza, hapo ndipo tamthilia ilikaribia kuwa na maisha ya watu weusi wawili kazini, bila sahani yoyote. Vile wanamfanyia mwishoni sitasema, lakini sijawasamehe.

Ile filamu ya Netflix ya 2023, The Fallen Sun, unaweza kuiangalia ukiwa unapiga pasi. Andy Serkis anatisha kiasi, Cynthia Erivo anafanya kazi yake, lakini kila kitu kimekuwa kikubwa: theluji, milipuko, nyumba za siri. Luther yangu ni ile ya chumba kidogo na mtu anapiga miayo.

Kwa hivyo mkianza, anzeni msimu wa kwanza, sehemu ya kwanza, usiku, na mtu mmoja tu kando yako. Wa nne mnaweza kuruka, ni sehemu mbili tu na Alice hayuko. Na mkifika pale kwa miayo, mniandikie kama mlipiga. Dadangu hakupiga. Tunalala chumba kimoja.