Butembo: seva ndogo, betri mbili

Kwetu Butembo, umeme ndio unaotuchagulia mashini. Tuko wachache mtaani tunaogawia majirani intaneti kwa antena: maduka, wanafunzi, kituo cha afya. Tulipochanga dola 600 za kubadilisha seva, wengi walitaka ile kubwa ya chuma iliyokwisha kutumika Ulaya, yenye diski nane na kelele kama kinu.

Mimi nilipinga. Mashini ya namna hiyo inaweza kula wati 250 mchana na usiku. Betri ya volti 12 na ampea-saa 200, ikiwa ya risasi, haifai kuishusha chini ya nusu. Piga hesabu: haifiki saa tano, kisha giza.

Na kazi yenyewe ni gani? Kupokea vocha za wateja, kuandika nani amelipa, kukumbuka anwani za tovuti. Zamani seva iliweza pia kuhifadhi kurasa ili zisishushwe mara mbili. Leo karibu zote zinapita zikiwa zimefungwa kwa siri, hazihifadhiki.

Basi tulinunua mashini ndogo ya wati 30 na diski mbili za SSD zinazoandika kitu kilekile, ili moja ikifa daftari la malipo libaki. Pesa iliyosalia ikanunua betri ya pili. Wenzangu wawili bado wamenuna: seva isiyo na kelele, wanasema, haionekani kama kampuni. Muuguzi wa kituo cha afya anauliza tu kama usiku intaneti itakuwepo.