Nilimficha Mke Wangu Hela ya Valvu

Naomba nianze kwa kukiri. Kwa miezi saba nilimficha mke wangu shilingi 350,000 kwenye laini ya simu asiyoijua. Hazikuwa za mwanamke, ingawa usiku ule alipoiona meseji ya salio aliamini kabisa kuwa ni za mwanamke. Zilikuwa za valvu.

Usicheke. Tunaishi Songwa, hapa Kishapu, jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui. Mimi ni mwalimu wa fizikia, yeye ni nesi. Marehemu baba aliniachia boksi la santuri, zile ndogo za mizunguko 45: Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, Nyanyembe Jazz ya Tabora, na nyingine ambazo lebo zimeshafutika. Redio yake ya valvu ilikufa zamani. Ulikuwa ukiiwasha unasubiri kwanza, vile vioo vinapata joto taratibu, ndipo sauti inakuja kama mtu anayeamka usingizini. Sauti ile ndiyo nilikuwa naitafuta.

Pleya ya santuri nilishapata Mwanza, mtumba. Sabufa tunayo. Nikaamini kinachokosekana ni priampu ya valvu, yaani kile kidude kinachopokea muziki na kuuandaa kabla haujafika kwenye amplifaya. Zile za maana mshahara wa mwalimu haugusi. Lakini zipo ndogo za Kichina, zenye valvu mbili za 6J1, zinawaka rangi ya chungwa, bei poa. Kwa kweli picha zake nilizitazama kuliko nilivyomtazama mke wangu.

Basi usiku huo nyumba haikukalika. Mama Neema hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alisema tu, "Baba Neema, tulikubaliana tangi." Na kweli tulikubaliana: tangi la lita 1,000, kabla ya mvua za Novemba, maana akitoka zamu ya usiku ni yeye huyo huyo anayeshika ndoo. Sikuwa na jibu.

Siku mbili hatukusemeshana. Ya tatu akaja kukaa pembeni yangu. "Haya mwalimu, nifundishe. Hicho kidude kinafanya nini hasa?" Nikachora kwenye daftari, nikajisahau, nikawa niko darasani. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: "Na waya wa pleya unachomekwa wapi?"

Nikafungua picha ya upande wa nyuma. Jamani! Matundu yalikuwepo, lakini ya CD na simu. CD inatoa karibu volti 2. Sindano ya sumaku kwenye pleya inatoa kama volti 0.005, kwa hiyo CD inaizidi mara 400. Tena santuri hukatwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti nyembamba zikiwa zimeongezwa, kwa hiyo lazima kiwepo kifaa cha kurudisha mizani. Kile nilichokuwa nakidondokea mate hakifanyi hilo. Mimi, mwalimu wa fizikia!

Jumamosi tukaenda wote wawili kwa fundi redio pale Maganzo. Mzee wa watu alicheka mpaka akavua miwani. Akatuambia ile rangi ya chungwa mara nyingi ni kitaa cha LED kilichofichwa chini ya valvu. Valvu nyingi za muziki zinataka volti mia na zaidi, lakini vidude vingi vya bei hiyo vinazipa kidogo tu. Hakusema ni vibaya. Alisema ni chumvi, na chumvi huwekwa kwenye mboga iliyokwisha kuiva. Mwenye hela ndogo aanze na sindano nzuri na priampu ya santuri, hata ya transista. Akija kununua ya valvu, achague inayotumia 12AU7 au 12AX7, kwa sababu hizo bado zinatengenezwa Urusi, Slovakia na China, ikiungua atapata nyingine. Na asisahau stabilaiza, umeme wetu anaujua.

Priampu ya transista ilinitoka 70,000, sindano 45,000. Zilizobaki, 235,000, nikazihamishia kwenye simu yake palepale dukani, fundi akishuhudia. Tangi lilifika wiki iliyofuata.

Santuri ya kwanza kuipiga ilikuwa ya Nyanyembe. Si sauti ya redio ya baba, nisikudanganye. Ila gitaa lilisikika hadi kidole kinavyoteleza kwenye waya, jambo ambalo redio ile haikuwahi kunipa. Mama Neema alikuwa ametoka zamu, bado yuko na sare. Akasema wimbo huo mama yake alikuwa akiuimba akipepeta mchele. Sikuwa najua. Miaka sita ya ndoa, sikuwa najua.

Hela ya valvu nimeanza tena kuiweka. Safari hii imeandikwa kwenye daftari lake la matumizi, chini ya gesi, juu ya vocha.