Malkia Hachagui Pa Kuhamia

Sisi wanafunzi wa falsafa tumekuwa tukisoma Aristotle, aliyefundisha kwamba binadamu kwa asili yake ni kiumbe wa kisiasa kuliko hata nyuki. Wanyama wengine wana sauti ya kuonyesha raha na maumivu. Sisi tuna neno, la kujadili lililo haki na lisilo haki. Wengi wetu tumekulia penye mizinga, hivyo tukajiuliza: je, neno hilo tunalitumia vizuri kuliko nyuki?

Kundi la nyuki linapogawanyika, malkia mzee huondoka na maelfu ya vibarua, nao hujikusanya kwenye tawi. Nyuki mia kadhaa, wengi wao wazoefu wa kutafuta chakula, huenda kukagua mapango ya miti. Anayerudi hucheza mbele ya wenzake kuonyesha upande na umbali, na kadiri pango lilivyo zuri ndivyo anavyorudia mchezo wake mara nyingi zaidi. Wenzake hawaishii kuutazama mchezo huo: huruka wakakague wenyewe. Wakikutana wa kutosha kwenye pango moja, safari huanza. Thomas Seeley, mtafiti wa Marekani, aliyaeleza haya katika kitabu chake cha mwaka 2010. Malkia hachagui, yeye hufuata.

Wakati wa utume wa likizo tulihudhuria mkutano wa kijiji kimoja uliojadili mahali pa kuchimba kisima. Waliozungumza ni wanaume watano wa mstari wa mbele. Akina mama, wanaojua kila chemchemi hukauka mwezi gani, walikaa nyuma na mwishoni wakapiga makofi. Hakuna aliyewazuia kusema, wala hakuna aliyewauliza. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inamhesabu kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea kuwa mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji. Walihudhuria wote, lakini wenye ujuzi wa maji hawakusikika. Nyuki wangewatanguliza.

Hata hivyo, tusiyapambe maumbile. Mwaka 2017 watafiti waliochunguza mbwa mwitu huko Botswana walieleza kwamba kabla ya kwenda kuwinda, wanyama hao hupiga chafya kana kwamba wanapiga kura. Mkubwa wa kundi akianzisha safari, chafya tatu hivi zinatosha. Mnyonge akianzisha, zinahitajika kama kumi. Tulicheka darasani, kisha tukanyamaza, kwa sababu tunaijua mikutano ya namna hiyo. Na nyuki hao hao, chakula kikipungua, huwafukuza madume mzingani wakafe nje.

Ndiyo maana onyo la David Hume lina uzito kwetu: kutokana na jinsi mambo yalivyo, hatuwezi kurukia moja kwa moja jinsi yanavyopaswa kuwa. Maumbile yanatuonyesha kwamba wengi wanaweza kuamua pamoja bila bwana mkubwa, na kwamba anayeijua njia anastahili kusikilizwa. Kwamba yule asiye na faida naye asifukuzwe, hilo hatulipati mzingani. Tunalipata katika utu, ambao kila mtu amepewa na Mungu, awe na nguvu au asiwe nazo. Wahenga walilisema kwa ufupi: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Kwa hiyo, sisi tunaojiandaa kuwa wachungaji, ambao kesho tutakaa mbele kwenye vikao vya parokia, tuanze sasa. Katika mikutano yetu, mwaka wa kwanza waseme kabla ya mwaka wa tatu. Kabla ya kutetea hoja, twende tukaone wenyewe. Na siku tutakapokuwa wenyeviti, tuwaulize kwanza waliokaa nyuma, kisha tuwe tayari kuwafuata.