Moyo na Mchukuzi Wake wa Mafuta

Katika lugha yetu moyo umebebeshwa mengi: tunatiana moyo, tunavunjana moyo, na mtu mwema tunamsifu kwa moyo mweupe. Lakini kila Idi Kubwa inapowadia na nyama ya udhiya ikaletwa jikoni, sisi akina mama huushika moyo wenyewe mikononi: pande la nyama ngumu, lililovikwa mafuta meupe kwa juu. Kisu chetu huyaondoa mafuta hayo mara moja, kwani tumezoea kuambiwa kuwa mafuta na moyo ni mahasimu. Binti yetu aliyesomea baiokemia ametufunza kuwa habari ina upande wa pili, na upande huo una faida kwa kila nyumba.

Moyo wa mtu mzima hupiga takriban mara 100,000 kwa siku, wala haupumziki tulalapo. Kazi hiyo yahitaji kuni, na mtu akiwa ametulia, zaidi ya nusu ya kuni za moyo ni asidi za mafuta. Tatizo ni kwamba mafuta hayapatani na maji, na ndani ya seli mmejaa majimaji. Kila aliyepika mchuzi ameyaona mafuta yakielea juu. Kwa hivyo Mwenyezi Mungu amejaalia ndani ya seli za moyo mchukuzi maalumu: protini ndogo iliyoundwa kwa asidi amino 132 hivi, ikajikunja mfano wa kombe lenye kifuniko. Huificha asidi ya mafuta tumboni mwake isiguse maji, ikaivusha hadi kwenye mitokondria, ambayo ndiyo majiko ya seli, na huko ikachomwa kuwa nguvu.

Mchukuzi huyo alielezwa mwaka 1972 na Robert Ockner na wenzake nchini Marekani, waliomkuta katika utumbo, ini, moyo na viungo vinginevyo. Ili kumchunguza vyema, ilibidi watafiti wamtenge na maelfu ya protini nyingine zilizomo katika nyama ya moyo. Hapo ndipo binti yetu alipotutolea mfano wa nazi. Sisi huikuna nazi kwa mbuzi, tukaikamua, tukaichuja kwa kifumbu. Tui likashuka, chicha ikabaki. Maabarani nao huchukua moyo wa ng'ombe au wa panya, wakausaga katika maji ya chumvi yaliyo baridi sana ili protini zisiharibike, kisha wakauzungusha katika mashine yenye kasi ya ajabu, inayovuta kwa nguvu mara 100,000 kuliko mvuto wa ardhi. Vizito huzama, na majimaji ya juu, yaliyo mfano wa tui, ndimo alimo mchukuzi wetu.

Kisha majimaji hayo hupitishwa katika mrija mrefu uliojaa chembe ndogo zenye vitundu. Mtu angedhani kidogo ndicho kitakachotangulia kutoka, na kumbe ni kinyume chake. Fikirini mitaa ya Mji wa Kale: mkokoteni hauwezi kuingia vichochoroni, hivyo hufuata njia kuu na kufika mapema, ilhali mtoto huingia kila kichochoro na kuchelewa. Vivyo hivyo albumini, protini ya damu ambayo nayo hubeba mafuta na ni kubwa zaidi ya mara nne, hutoka kwanza. Mchukuzi wa moyo hufuata nyuma. Mwisho hujaribiwa kwa asidi ya mafuta iliyotiwa alama ya mnururisho. Isiyoshikwa huondolewa, iliyoshikwa huhesabiwa, na kwa hesabu hiyo hujulikana kama aliyepatikana ndiye.

Kazi hiyo ya subira imezaa matunda. Mwaka 1999 ilichapishwa habari ya panya waliozalishwa bila mchukuzi huyo: mioyo yao ilishindwa kuchukua mafuta ipasavyo ikategemea sukari, nao wakichoka upesi kila walipojishughulisha. Kabla ya hapo, mwaka 1988, Jan Glatz na wenzake nchini Uholanzi walipendekeza jambo linalotugusa zaidi. Kwa kuwa protini hii ni ndogo na imo katika majimaji ya seli, msuli wa moyo unapoumia kwa kukosa damu, yenyewe huvuja mapema. Huanza kuonekana katika damu ndani ya saa chache za mwanzo, na baada ya siku moja hivi figo huwa zimekwisha kuisafisha. Kwa kuwa imo pia katika misuli ya mikono na miguu, madaktari leo hutegemea zaidi kipimo cha troponini. Lakini funzo lake kuhusu wakati limebaki.

Funzo hilo lilituchoma tulipolisikia, kwa sababu ya khalati yetu. Usiku mmoja alihisi kichefuchefu, uzito kifuani na maumivu yaliyopanda hadi tayani. Alijiambia kuwa ni riahi, akanywa maji ya tangawizi, akaona haya kuwaamsha watoto. Aliwaambia baada ya alfajiri, na kabla ya adhuhuri alikuwa amekwisha kufariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Ajali ni ya Mola, na hatusemi kuwa angepona. Lakini sasa twajua kuwa saa zile alizokuwa akistahi, moyo wake ulikuwa ukivuja.

Basi dada zetu, haya si ruhusa ya kuzidisha samli. Mafuta yanayoziba mishipa yangali adui. Tunaloomba ni hili. Mwanamke akipatwa na uzito wa kifua, pumzi fupi, jasho baridi, au maumivu ya mgongo, mkono au taya yasiyo na sababu, asisubiri kuche. Aamshe watu, na atazame saa, kwani hospitalini ataulizwa maumivu yalianza lini, na jibu lake litamwongoza daktari. Nanyi mnaoamshwa, amkeni kwa uso mkunjufu, ili siku nyingine mama asione haya kugonga mlango.